PAA LA ARDHI: MAELEZO JUU YA KUPOROMOKA KWA PAA NA MIPANGO YA KULIZUIA

Msafiri atokaye Karatu kwenda Ngorongoro hupanda katika msitu wa mteremko wa kusini, na afikapo ukingoni mwa kasoko huona chini yake uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi, uliozungukwa pande zote na kuta zenye kimo cha yapata mita 600. Watu wengi hudhani kwamba shimo hilo lilitobolewa na mlipuko. Wanajiolojia waeleza vingine. Miaka zaidi ya milioni 2 iliyopita palikuwa na mlima wa volkano mahali hapo, na chini ya mlima palikuwa na ghala kubwa la mawe yaliyoyeyuka. Ghala hilo lilipopungukiwa, juu yake pakabaki paa zito lisilokuwa na kitu cha kulitegemeza, na paa hilo likatitia. Kwa hiyo Kasoko ya Ngorongoro ni paa lililoanguka. Kasoko ya Empakaai, iliyo kaskazini-mashariki yake, ilitokea kwa njia hiyo hiyo.

Mchimba makaa ya mawe chini ya ardhi hufanya kwa sururu na mashine jambo lile lile lililofanywa na volkano: huondoa kilicho chini na kukiacha kilicho juu. Tofauti ni kwamba yeye mwenyewe husimama katika nafasi aliyoifungua. Ndiyo sababu sayansi ya kuzuia paa lisianguke imekuwa sehemu kubwa ya kazi yake, na ndiyo sababu maneno yatumikayo katika kazi hiyo yastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa neno lisiloeleweka shimoni halisahihishwi kwa kalamu.

Hapana makaa ya mawe Karatu wala Ngorongoro, kwa maana nchi hiyo ni ya majivu na mawe ya volkano. Makaa ya Tanzania yapo kusini: Kiwira upande wa kusini-magharibi, na Mchuchuma na Ngaka katika bonde la mto Ruhuhu. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ni wa chini ya ardhi. Ngaka makaa huchimbwa juu kwa juu, na hapo hofu ya paa haipo, bali ya kuta za shimo. Walakini elimu ya paa la ardhi yapatikana Karatu kwa njia nyingine, nayo ni ya zamani kuliko mgodi wowote wa makaa katika nchi hii.

Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, walikuja Karatu kwa wingi katika karne ya 20 kutoka vilima vya Mbulu. Katika nchi yao ya asili walikuwa na desturi ya kuchimba nyumba ubavuni mwa mlima. Ukuta wa nyuma ulikuwa ni mlima wenyewe. Paa lilikuwa la bapa, la miti iliyolazwa juu ya nguzo na kufunikwa kwa udongo, hata nyasi zikaota juu yake. Mtu akiwa mbali aliweza asiione nyumba kabisa, na hilo ndilo lililokusudiwa, kwa kuwa ng'ombe walilazwa humo ndani kuwaficha Wamasai waliokuja kuwateka. Nyumba nyingine zilikuwa na njia za kutorokea chini ya ardhi. Vita hivyo vilipokoma, haja ya kujificha ikaisha. Tena katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini na kujenga nyumba za namna nyingine. Siku hizi nyumba za kuchimbwa ni chache, na baadhi yake zimejengwa upya ili wageni na watoto wa shule wazione.

Nyumba ya namna hiyo yafanana na mgodi mdogo. Mjenzi wake alikabiliwa na maswali yale yale yanayomkabili mhandisi wa mgodi: uzito ulio juu ni kiasi gani, nguzo zisimame umbali gani, mti gani ufaao, na maji yaende wapi. Hesabu yake si ngumu. Udongo wa unene wa sentimita 30 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni theluthi moja ya mita ya ujazo, au pungufu kidogo. Ukiwa mkavu huwa na uzito wa kilo 450 hivi. Mvua za masika zikinyesha na udongo ukanywa maji, uzito hukaribia kilo 600. Nguzo hazikuongezeka, miti haikuongezeka, lakini mzigo umeongezeka kwa robo nzima na zaidi. Tena mti wenyewe huoza pale ulipogusana na udongo mbichi, mahali pasipoonekana. Wenye tembe huko Dodoma waijua habari hii vyema: paa la udongo lililokaa kiangazi kizima bila neno huanguka usiku wa mvua kubwa. Basi mpango wa kuzuia paa lisianguke huanza kiangazi, mvua ingali mbali.

Jambo jingine ni upana wa nafasi iliyo wazi. Kanuni yake ni kali kuliko mtu anavyodhani. Boriti yenye mzigo uliotandazwa sawasawa, ikiwa umbali kati ya vitegemezi vyake utaongezwa mara mbili, na mzigo wa kila hatua ukabaki ule ule, mkazo ndani yake hauwi mara mbili, bali mara nne. Waswahili wa pwani waliijua kanuni hii bila kuiandika. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haupiti mita 3, kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kubeba sakafu ya chokaa na mawe kwa upana mkubwa zaidi. Tajiri aliyetaka ukumbi mkubwa aliurefusha, hakuupanua. Umbo la chumba liliamriwa na mti.

Katika mgodi wa makaa, boriti ni mwamba wenyewe. Hapa lugha yatoa jambo la ajabu kidogo. Neno "mwamba" katika Kiswahili lina maana mbili: jiwe kubwa la asili, na mti ulazwao juu ya nyumba kubeba paa. Kama maana hizo mbili zina asili moja au ni maneno mawili yaliyogongana, hilo ni swali la wanaleksikografia. Lakini kwa mchimbaji maana zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Tabaka la jiwe lililo juu ya kichwa chake ni mwamba wa kwanza na ni mwamba wa pili.

Uzito wa shimoni si wa kilo. Mwamba wa kawaida una uzito wa tani 2.5 kwa mita ya ujazo. Penye kina cha mita 200, kila mita ya mraba hubeba tani 500. Kabla ya kuchimba, mzigo huo umekaliwa na makaa yote. Njia ya zamani na rahisi ya kuchimba ni kukata vichochoro vinavyokatana, na kuacha kati yake vipande vya makaa visivyochimbwa, viitwavyo nguzo. Nusu ya makaa ikitolewa, nusu iliyobaki hubeba mzigo wote, yaani tani 1,000 kwa kila mita ya mraba. Robo tatu ikitolewa, robo iliyobaki hubeba tani 2,000. Kila tani ya makaa inayotoka huleta faida sokoni, na wakati huo huo huwatwika wenzake waliobaki shimoni mzigo wake. Ugomvi kati ya mweka hesabu na mweka nguzo umo humo, na haujawahi kuisha katika mgodi wowote.

Matokeo ya ugomvi huo yalionekana huko Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960. Nguzo za sehemu kubwa ya mgodi zilivunjika kwa mfululizo, kila nguzo iliyovunjika ikiitwika jirani yake mzigo wake, na watu 435 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa Lesotho na Msumbiji. Maiti zao hazikutolewa hata leo. Tarehe 28 Desemba 1959, wiki chache tu kabla ya hapo, sehemu ya mgodi huo huo ilikwisha kuporomoka. Na katika mgodi huo makaa ya juu ya vichochoro yalikuwa yakikatwa baadaye, nguzo zikawa ndefu kuliko zilivyopangwa hapo mwanzo.

Msiba huo ulizaa utafiti. Wahandisi wawili, Salamon na Munro, walikusanya habari za nguzo za migodi ya makaa ya Afrika Kusini, mahali 98 paliposimama imara na mahali 27 palipoporomoka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni ya nguvu ya nguzo. Kwa maneno machache kanuni yasema kwamba nguvu ya nguzo huongezeka upana wake unapoongezeka, na hupungua kimo chake kinapoongezeka. Tena hasara ya kimo ni kubwa kuliko faida ya upana. Ukirefusha nguzo mara mbili bila kuipanua, nguvu yake hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo ndipo ubaya wa kukata makaa ya juu unapofahamika: mtu hajaigusa nguzo hata kidogo ubavuni, lakini amekwisha kuidhoofisha. Wahandisi hao walishauri pia kwamba nguvu ya nguzo ipite mzigo wake kwa mara 1.6, ili makosa ya vipimo na udhaifu usioonekana vipate nafasi yake. Kanuni iliyolipiwa kwa watu 435 yastahili kutajwa pamoja na bei yake.

Hata hivyo maporomoko makubwa kama hayo ni nadra. Katika historia ya migodi ya makaa ya Uingereza na Marekani, paa limeua watu wengi mno kwa njia ya kimya: jiwe moja, mtu mmoja, siku ya kazi kama siku nyingine. Milipuko ya gesi hupata vichwa vya magazeti. Jiwe la paa hupata mstari mmoja. Na mawe hayo hutoka katika paa lililo kati ya nguzo, hata kama nguzo zenyewe ni imara kabisa.

Sababu ni kwamba paa la mgodi wa makaa si jiwe moja. Ni matabaka, mengine ya mchanga uliogeuka jiwe, ambayo ni magumu, mengine ya tope lililogeuka jiwe, ambayo huchanika kama kurasa za kitabu kilicholowa. Jiwe la tope likipatwa na hewa yenye unyevu hunyonya maji, huvimba na kumeguka. Kwa hiyo hewa safi ishushwayo ili watu wapumue yaweza kuwa adui wa paa. Penye njia panda ya vichochoro upana wa wazi huwa mkubwa kuliko penginepo, na hapo hatari huongezeka. Katika migodi ya Marekani pana hatari nyingine: visiki vya miti ya kale vilivyogeuka mawe vikiwa vimesimama, ambavyo chini huonekana kama duara tu juu ya dari, pembeni vina utelezi, na hushuka vyote kwa pamoja bila ishara yoyote. Mti ulioota kabla ya kuwako mwanadamu unamsubiri mtu apite.

Mara nyingi, hata hivyo, paa hutoa ishara. Mchimbaji hodari hugonga paa kwa fimbo ya chuma na kusikiliza. Jiwe lililoshikamana hulia kwa sauti kali, kama kengele. Jiwe lililoachana na wenzake hulia kwa sauti nzito, kama ngoma. Nguzo za miti zilipendwa na wazee wa kazi kwa sababu hulia na kupasuka polepole kabla ya kushindwa, mtu akapata nafasi ya kukimbia. Nguzo ya chuma yaweza kubeba zaidi lakini haina maneno mengi. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 migodi ya Marekani ilianza kutumia bolti ndefu za chuma zinazopigwa ndani ya paa lenyewe. Kazi ya bolti ni ya namna mbili: ama hulitundika tabaka dhaifu kwenye tabaka gumu lililo juu yake, ama huyafunga matabaka membamba pamoja yakawa kama ubao mmoja mnene. Mbao kumi nyembamba zilizopangwa huinama kwa urahisi. Zikigandishwa kwa gundi zikawa moja, haziinami.

Basi mpango wa usalama wa paa ni nini? Sheria ya Marekani ya mwaka 1969 juu ya migodi ya makaa iliamuru kila mgodi uwe na mpango wa paa ulioandikwa na kukubaliwa na serikali. Mpango huo hauandikwi baada ya kuchimba, huandikwa kwanza. Hutaja namna ya mwamba uliopimwa, upana wa vichochoro, ukubwa wa nguzo, umbali kati ya bolti na bolti, utaratibu wa kukata, na ni nani apimaye paa kila zamu kabla ya wengine kuingia. Jambo lililo kuu ni amri isiyokuwa na sharti: mtu asipite chini ya paa lisilotegemezwa, hata kwa dakika moja, hata kuokota chombo chake. Vifo vingi vimetokea katika dakika hiyo moja. La mwisho, nalo husahauliwa sana, ni kwamba mpango wenyewe hubadilika mwamba unapobadilika. Mpango ulioandikwa kwa paa la jiwe la mchanga hauwi mpango tena siku vichochoro vinapoingia chini ya jiwe la tope, ni karatasi.

Nchini Tanzania sheria zipo: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na kanuni za usalama migodini zilizotolewa mwaka huo huo. Lakini wengi wafao chini ya ardhi hawamo katika migodi mikubwa yenye wahandisi. Wamo katika mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na vito. Huko Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, shimo lilijifunga juu ya wachimbaji, na watu 5 wakatolewa hai baada ya siku 41. Huko Geita, Januari 2017, watu 15 waliokwama walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu. Habari hizo zilifurahisha nchi nzima, na kwa haki. Walakini uokoaji si mpango. Wala hatari haiko migodini tu. Popote penye mjenzi anayetaka mchanga, moramu au udongo wa matofali, mtu huweza kuonekana akichimba chini ya ukingo na kuacha juu yake dari ya udongo, kwa kuwa udongo wa chini ni laini na sululu haichoki. Makorongo ya udongo mwekundu ya Karatu yana kingo za namna hiyo nyingi. Ndovu wa msitu wa Ngorongoro nao hufanya vivyo hivyo: huchimba ukuta wa udongo kwa pembe zao wakitafuta chumvi, hata wakafanya mapango.

Yafaa sasa kurudi kwenye lugha. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya kuanguka, na utajiri huo si pambo. Paa kwanza "hubonyea", yaani huinama bila kuachana. Kisha "hupasuka" au "huchanika". Kisha "humeguka", vipande vidogo vikadondoka. Kisha "huporomoka", mawe yakashuka kwa pamoja. Ardhi ya juu nayo "hutitia", ikafanya bonde. Mtu asemaye "paa limeanguka" kwa hali zote hizo amepoteza habari ambayo lugha yake ilikuwa tayari kumpa. Msimamizi wa zamu aandikaye katika daftari kwamba paa "linameguka" amesema hatua ya tatu imefikiwa; aliyeandika "paa si zuri" hakusema kitu.

Lakini vitenzi hivyo vina tabia moja yenye kuhitaji hadhari. Karibu vyote vimo katika kauli ya kutendeka: bonyea, pasuka, chanika, meguka, poromoka, bomoka. Kauli hiyo hueleza hali iliyokipata kitu, wala haina nafasi ya mtenda. Katika kauli ya kutendwa twaweza kusema "ukuta ulibomolewa na mafundi". Hatuwezi kusema kwa usahihi "ukuta ulibomoka na mafundi". Kwa hiyo taarifa ya ajali isemayo "paa liliporomoka likawaua wachimbaji watatu" ni sahihi kisarufi, na kwa sarufi hiyo hiyo imekwisha kumwondoa kila mtu aliyeamua upana wa kichochoro, aliyepunguza nguzo, au aliyeona maji yakidondoka asiseme. Paa lenyewe ndilo mtenda na mshtakiwa. Hili si kosa la lugha, maana lugha yenye kauli ya kutendeka haimlazimishi mtu kuitumia. Mwandishi wa taarifa aweza kuandika: "Nguzo nne ziliondolewa na zamu ya usiku, asubuhi paa liliporomoka." Sentensi ya pili ni ile ile. Iliyo mbele yake ndiyo iliyobadilisha habari.

Maneno ya kuonya nayo yana shida yake. "Angalia!" ni onyo la kawaida kabisa katika Kiswahili, lakini maana yake ya kwanza ni "tazama", na mtu aambiwaye "Angalia juu!" huweza kusimama akatazama juu, jambo ambalo halipasi kufanywa chini ya jiwe linaloshuka. "Hatari!" ni jina, lataja hali bila kuamuru tendo. "Kaa!" lina maana ya kubaki mahali, na katika mgodi wa makaa lina maana nyingine pia, bila kumtaja yule mnyama wa pwani. Amri iliyo bora ni ile yenye tendo moja na upande mmoja: "Toka!" Tena yafaa iwe ya umoja. "Tokeni!" ni adabu nzuri kwa kundi, lakini kila mmoja katika kundi aweza kudhani kwamba ameambiwa mwenzake.

Karatu ni mahali pazuri pa kulifikiri jambo hili, kwa kuwa ni moja ya sehemu chache za Afrika ambapo makundi yote manne ya lugha aliyoyataja Greenberg mwaka 1963 hukutana katika eneo dogo: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga na Kimasai za Kinailoti, Kiswahili cha Kibantu, na kando ya Ziwa Eyasi, Kihadza chenye vidoko, ambacho wataalamu wengi wa leo hawakiweki katika jamii yoyote. Kundi la vibarua kumi waweza kuwa na lugha nne za mama. Migodi ya Afrika Kusini, iliyokuwa na watu wa lugha nyingi zaidi, ilitumia Fanagalo, lugha ya pijini iliyojengwa zaidi juu ya Kizulu, na iliyofaa kwa amri lakini haikufaa kwa maelezo. Kibarua aliweza kuambiwa asimamishe nguzo. Kueleza kwa nini anaona nguzo hiyo imesimama vibaya lilikuwa jambo gumu zaidi. Kiswahili hakimo katika hali hiyo. Ni lugha kamili inayoweza kupanda kutoka kwa mchimbaji kwenda kwa mhandisi, si kushuka tu. Tangu mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, ndiyo lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo hakuna sababu ya mpango wa paa kuandikwa kwa Kiingereza na kukaa ofisini, huku kikipelekwa shimoni kidokezo chake tu.

Yabaki istilahi. "Paa" na litumike kwa mwamba wa juu, upatanisho wake ukiangaliwa, kwa kuwa "paa limeanguka" ni msiba wa mgodini na "paa ameanguka" ni habari ya mnyama. "Dari" lafaa nyumbani, ambako juu ya dari pana nafasi nyingine. Juu ya mchimbaji hakuna nafasi. "Nguzo" na liachiwe kipande cha makaa kisichochimbwa. Kwa miti inayosimamishwa kutegemeza, wachimbaji wadogo wa dhahabu wana neno lao, "matimba", lililotoka katika Kiingereza na kukaa vizuri katika ngeli yake. Mabaharia wana lingine la zamani, "gadi", yaani mti wa kukitegemeza chombo kilichopandishwa pwani kisilale ubavu, na kitenzi chake "gadimu". Gadi ni neno la Kiswahili safi, na wapenzi wa lugha watavutwa nalo. Lakini mtu aliye mita 60 chini ya ardhi ya Geita hajawahi kuona jahazi likigadimiwa, na "matimba" amekwisha kulisikia tangu siku yake ya kwanza ya kazi. Katika orodha ya maneno ya usalama, "matimba" na liwe la kwanza, na "gadi" lifuate kando yake kwa ajili ya wasomaji wa pwani. Na kitenzi "gadimu", ambacho "matimba" halina kifani chake kwa neno moja, kichukuliwe na wote: paa lisilogadimiwa, mtu asipite chini yake.